Kisanduku cha Shangazi

Karakana, Lodwar
14 Novemba 2012

Kwa Sajini Cornelius Wafubwa, Kituo cha Kakuma

Nimekuita Sajini kwa sababu jana kwenye redio, vituo vyote vikisikiliza, wewe uliniita "yule mama wa visanduku." Hukusema Bilha. Hukusema Mama Naliaka, wala mke wangu. Karakana nzima iliangua kicheko. Njenga wa stoo alicheka mpaka akaketi juu ya ndoo ya grisi, na suruali yake ikapata ilichostahili.

Ningekupigia simu, lakini kwenye simu unapandisha sauti na mimi napandisha, mwisho tunakata bila kuambiana kitu. Basi soma, na ukishindwa kunyamaza, pigia karatasi kelele.

Vile visanduku nilivyofunga chini ya magari yenu havikuletwa kupeleleza madereva. Hiyo ni porojo ya madereva wenyewe. Kisanduku kinasikiliza giaboksi inavyotikisika na inavyopata joto, kinaandika kwenye kadi, basi. Kadi ikifika hapa naitia kwenye kompyuta. Kila kisanduku kina namba yake, na kompyuta inajua namba ipi ni ya gari lipi. Mstari ukiwa wa kijani gari ni zima. Ukiwa mwekundu, kuna beringi imeanza kuliwa ndani. Beringi haivunjiki ghafla, Cornelius. Hulalamika kwanza, muda mrefu, kwa sauti ndogo ambayo sikio la dereva haliipati. Mimi nalipwa kuisikia mapema.

Na ya Shangazi inalalamika. Najua mnavyolipenda hilo gari kuukuu la deraya, mnavyolipigapiga bodi kama punda wa nyumbani. Lakini kadi zake zote za karibuni ni nyekundu. Siku atakayopanda mlima na mzigo, giaboksi itashika na atasimama hapo hapo. Mlete Lodwar.

Kadi za wiki hii mpe Mabil muuza samaki akija huku Lodwar kununua mzigo. Naye mkumbushe asiziweke mfuko mmoja na samaki. Za juzi nilizifuta kwa kanga yangu.

Bilha


Kakuma
19 Novemba 2012

Bilha,

Ejok, kama wanavyosalimiana Waturkana. Nimekuita mama wa visanduku na kesho nitakuita tena.

Sasa nikuulize mimi. Lori letu la maji, lile ambalo kompyuta yako ilisema ni jekundu mwezi wa sita, liko wapi? Nililileta mwenyewe, likiunguruma vizuri, nikiwa nimeliosha. Nilipokuja mwezi wa nane nililikuta nyuma ya stoo ya Njenga, limekalia mawe, halina injini, halina ekseli, hata vioo vya pembeni vimeng'olewa. Na lile Landrova? Mawe pia. Gari la Kakuma likiingia lango la Lodwar, sisi huku tunaanza matanga.

Unamkumbuka Ekuru? Yule mwembamba wa hapa hapa Turkana, aliyecheza na Naliaka mlipokuja Pasaka. Mwezi wa tisa aliumwa na nyoka wakiwa doria upande wa Pelekech. Nilikuwa na magari mawili tu yanayotembea, nayo yote yalikuwa kituo cha Loki. Wenzake walimbeba mgongoni juani, wakipokezana, mpaka barabarani. Mguu umekatwa. Lori la maji lingekuwepo, Ekuru angekuwa na miguu miwili. Ukitaka kujua visanduku vyako vimemsaidia nani, kamuulize yeye.

Na kinachonichoma zaidi ni hiki: Shangazi anatembea! Anawaka asubuhi, anapanda, anashuka. Mashine yako haisemi ni mbovu, inasema atakuja kuwa mbovu. Unamnyang'anya mtu gari kwa ugonjwa ambao halijaupata. Kwa hesabu hiyo hata mimi nifungieni kisanduku, mnizike sasa.

Nimebaki na magari mawili, Shangazi na Bi Harusi. Bi Harusi ni mpya, hana neno. Shangazi haji.

Cornelius


Lodwar
26 Novemba 2012

Cornelius,

Usinitupie mguu wa Ekuru usoni. Alipoletwa hospitali hapa, wewe ulikuwa Kakuma na mimi ndiye niliyempelekea uji. Ndiye niliyemshika mkono alipoamka akatazama shuka lilivyolala upande mmoja. Sikukwambia kwa sababu sikujua kwamba siku moja utanihesabia.

Habari ya mawe ni kweli. Vipuri haviji, na Meja, mkuu wetu wa karakana, ana dawa moja tu: ng'oa hapa, funga pale. Nimempigia kelele ofisini kwake mpaka akaniuliza kama ningependa uhamisho. Unadhani nafurahi? Mimi naandika "badilisheni beringi moja," wao wananyofoa gari zima. Inanikera kuliko inavyokukera wewe, maana jina langu ndilo liko chini ya karatasi.

Lakini beringi haijui mambo ya stoo. Inaliwa tu. Ukiificha inaliwa, ukiitukana inaliwa.

Meja amesema hivi: kadi ijayo ya Shangazi ikiwa nyekundu, gari la kuvuta litakuja Kakuma kumchukua kabla ya Krismasi, upende usipende. Nimekwambia mapema usije ukasema nimekuvizia.

Mama amepiga kutoka Kitale. Naliaka anauliza kama baba yake bado ana masharubu. Nimemjibu kwamba sijui.

Bilha


Kakuma
5 Desemba 2012

Mpenzi Mama Naliaka,

Salamu nyingi katika jina la Bwana. Nimeyafikiria maneno yako nikaona nimekukosea. Masharubu bado ninayo, mwambie mtoto.

Kuhusu Shangazi, tulikaa chini tukamwaga oili yote ya giaboksi, ilikuwa nyeusi tii, tukatia mpya. Tukakaza boliti kila mahali. Sasa ananguruma kama msichana. Kadi za magari yote mawili hizi hapa. Angalia mwenyewe, sitaki kusema mengi.

Jikaze na joto la huko. Kunywa maji.

Wako,
Baba Naliaka


Lodwar
11 Desemba 2012

Baba Naliaka,

Nimeitia kadi ya Shangazi mara mbili kwenye kompyuta, nikaifuta vumbi nikaitia tena. Kijani! Mstari umelala chini kabisa. Sijawahi kuona beringi ikipona kwa oili, lakini nimeona kwa macho yangu, nifanyeje?

Haya, samahani. Nimeandika mara moja, usinilazimishe kurudia.

Ila furaha yako haijakamilika. Bi Harusi ni mwekundu. Mwekundu vibaya, mstari umepanda vile vile ulivyokuwa wa Shangazi. Njenga anasema labda wamelala pamoja wakaambukizana. Mimi sikucheka sana. Gari jipya kuharibika namna hiyo si kawaida, na nataka kuifungua hiyo giaboksi nione kwa nini.

Gari la kuvuta litamfuata Bi Harusi wiki ijayo. Safari hii nitasimama mlangoni mwa Meja mpaka arudi kwenu mzima. Nimekuahidi.

Shangazi nimemtilia sahihi kwamba anafaa kwa safari yoyote. Ni mara yangu ya kwanza kutia sahihi kwa kadi moja tu, lakini imetoka kwako.

Mama Naliaka


Kakuma
21 Desemba 2012

Mama Naliaka,

Bi Harusi amechukuliwa jana. Vijana walisimama langoni wakamtazama akivutwa. Umeahidi, nakushika kwa ahadi yako. Mkimfungua mkamkuta hana kitu, mrudisheni siku hiyo hiyo, msimpe Meja nafasi ya kufikiria.

Jambo lingine limeniudhi. Amri imetoka kwenu kwamba Shangazi aje Lodwar mwanzo wa Januari kusindikiza malori ya chakula barabara ya Kainuk, ile ya majambazi. Kwani magari yote yameisha? Nimewaambia Shangazi amezoea safari fupi za huku. Wamenijibu kwamba karatasi yako inasema safari yoyote. Ahsante kwa karatasi yako.

Ataendesha Levis, yule kijana wa Kitale mwenye domo, anayeimba tangu anawasha gari mpaka anazima. Nimemwambia aende polepole, asimsukume. Shangazi ukimheshimu anafika.

Kadi mpya zitakuja mwaka mpya, Mabil amefunga biashara kwa ajili ya Krismasi. Usiulize maswali mengi, si umesema kijani?

Baba Naliaka


Lodwar
3 Januari 2013

Baba Naliaka,

Heri ya mwaka mpya. Nina habari nzuri kwa mara moja.

Naliaka anaanza darasa la kwanza wiki ijayo na Meja amenipa ruhusa. Shangazi amefika jana salama, Levis akiimba kama kawaida yake. Jumatatu wanaondoka kwenda Kainuk na malori, na mimi nitapanda nao. Kutoka Kainuk nitapata gari la Kitale. Nitamshika mtoto mkono mpaka darasani, kisha nitarudi.

Njenga alinishauri nipande lori la mbele lenye kiti cha sponji. Nikamwambia hapana. Mimi ndiye niliyeandika kwamba Shangazi ni mzima, basi nitakaa ndani yake. Fundi anayeogopa kupanda gari alilolitilia sahihi afunge kazi akauze mandazi.

Bi Harusi bado hajafunguliwa, mafundi wengi hawajarudi kutoka sikukuu.

Simu yangu imevunjika kioo, nimeiacha kwa fundi sokoni. Ukinitafuta usione kimya. Huyu Mabil ameanza tena safari zake, nampa barua hii sasa hivi.

Mama Naliaka


Kakuma
Jumamosi, 5 Januari 2013

Bilha,

Usipande Shangazi. Nakuomba kwa jina la mtoto.

Nilihamisha visanduku. Mwisho wa mwezi wa kumi na moja nilitoa cha Shangazi nikakifunga chini ya Bi Harusi, na cha Bi Harusi nikakifunga kwa Shangazi. Nikakaa navyo hivyo wiki moja, nikakuletea kadi, kisha nikavirudisha kila kimoja mahali pake kabla gari la kuvuta halijafika. Nilifanya peke yangu, mtu mwingine hajui. Ile kadi ya kijani ni ya Bi Harusi. Shangazi hajapona chochote.

Nilifikiri Bi Harusi akifunguliwa atakutwa mzima atarudi, na Shangazi atabaki huku na safari zake fupi, nitakuwa na magari yangu mawili. Sikujua watamwita njia ndefu. Sikujua wewe utapanda.

Nimejaribu simu yako tangu nilipopata barua, haipatikani. Mabil anaondoka sasa hivi, ameapa kwamba jioni utakuwa nayo mkononi. Sema unaumwa. Panda lori lingine, lile la kiti cha sponji. Usimwambie mtu yeyote. Ukishasoma choma.

Cornelius


Hospitali, Lodwar
17 Januari 2013

Sajini,

Barua yako ilinifikia Jumanne ile, siku moja baada ya safari, langoni mwa hospitali. Mabil alitoka kwenye pikapu akiwa hawezi kunitazama. "Mama, pole sana. Tairi ilipasuka mbili, spea iko moja. Nililala barabara siku tatu. Mzee alisema haraka, mimi sikujua ni haraka ya namna hii." Alinipa bahasha na samaki wa bure. Nilikuwa bado na nguo zangu zenye damu.

Unataka kujua? Hujauliza, lakini nitakwambia.

Tulipita Kalemng'orok vizuri. Levis alikuwa akiimba, na ana sauti mbaya. Nilimwambia anyamaze nisikie gari. Akacheka, akasema, "Madam, hii gari ni yako umeisaini, unaogopa nini?" Akaendelea kuimba. Mbele kidogo, kwenye mwinuko kabla ya Kainuk, Shangazi alipiga yowe. Ile sauti nimeiona kwenye kompyuta miaka yote hii, ikiwa mstari tu. Siku ile niliisikia kwa masikio. Nikajua ni nini kabla magurudumu hayajashika.

Tulisimama katikati ya barabara, malori mengine nyuma yetu hayawezi kupita. Levis akafungua mlango wake wa chuma awaonyeshe kwa mkono warudi nyuma. Risasi zikatoka vichakani. Sijui walikuwa wangapi, sikuinua kichwa. Wenzetu walijibu mpaka wale watu wakaondoka. Levis alipigwa tayani. Nilimshikilia taya kwa kanga yangu, kwa mikono miwili, kutoka pale mpaka walipokuja kutuchukua. Alikuwa ananitazama muda wote. Naliaka alipelekwa shule na bibi yake.

Yuko hai. Wamemfunga nyaya mdomoni, hawezi kusema.

Barua yako nimeisoma mara nyingi, Sajini. Ulipojua Levis ndiye atakayeendesha, uliniandikia kwamba ataenda polepole. Ulipojua na mimi nimo, ndipo Shangazi akawa mgonjwa. Panda lori lingine, umeniambia. Na Levis apande nini?

Sikuichoma.

Bilha


Kakuma
22 Januari 2013

Bilha wangu,

Namshukuru Mungu kwamba umepona. Siwezi kulala. Kila nikifumba macho naona barabara ile.

Nimesikia baraza la uchunguzi limeanza. Tafadhali nisikilize kwa utulivu. Nikisema, nitafungwa, na kazi ya miaka yote itakwisha. Lakini si mimi peke yangu. Wewe ulitia sahihi. Watasema mke na mume walikula njama, nani ataamini kwamba hukujua? Naliaka atabaki na nani? Fikiria mtoto.

Levis ni kijana. Hata wakimpa kosa dogo la kuendesha vibaya, wakamhamisha, maisha yake yako mbele. Nitamsimamia kama mdogo wangu wa tumbo moja, naapa.

Na tusisahau aliyeanza haya ni nani. Kama Meja asingekula magari yangu ningehitaji kuhamisha kisanduku? Nilifanya kwa ajili ya vijana wangu, ili asitokee Ekuru mwingine. Mungu anaujua moyo wangu.

Acha mambo yatulie.

Baba Naliaka


Lodwar
25 Januari 2013

Sajini,

Usijiite Baba Naliaka kwenye barua ya namna ile. Mtoto umemtaja kila ulipoishiwa na la kusema.

Nianze na lililo lako kwa haki, maana nimechoka kulibeba. Bi Harusi tulimfungua. Giaboksi ni safi kama sahani. Nikaomba ifungwe arudi Kakuma siku ile ile, kama nilivyoahidi. Asubuhi nikakuta amewekwa juu ya mawe, na giaboksi yake iko chini ya gari la Meja. Ulisema kweli kuhusu magari, na kwamba ulisema kweli inaniudhi zaidi ya yote, kwa sababu ungeweza kusimama ukasema hivyo, na mimi ningesimama nawe. Badala yake ukachukua spana ukanidanganya kwa kifaa changu mwenyewe. Ukanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, mpenzi, kunywa maji, masharubu. Na mimi nikakuomba samahani!

Sasa baraza. Wanasema Levis alilazimisha gia mlimani. Wanasema gari lilikuwa zima, karatasi ya Bilha inathibitisha. Nilipeleka kadi niliyoitoa kwenye kisanduku cha Shangazi baada ya shambulio, ni nyekundu tangu alipotoka Kakuma. Wakaniuliza, "Mama, hii nyekundu na ile ya kijani, tuamini ipi? Mashine yako ina vichwa viwili?" Na sikuwajibu. Mbele yao, nikiwa na barua yako ndani ya blauzi, sikuwajibu. Nilitaka ukweli utoke mdomoni mwako.

Kisha wakaja mpaka kitandani kwake. Levis aliomba kalamu akaandika: Sikulazimisha gia. Mwenyekiti akaisoma, akaiweka chini ya kikombe chake cha chai. Wiki ijayo watamfukuza kazi kwa uzembe, bila malipo ya jeraha, na hawezi hata kuwatukana. Hilo ndilo unaloliita kosa dogo. Mama yake anauza mboga soko la Kitale, amekuja, analala sakafuni kando ya kitanda. Juzi aliniuliza kama mwanawe anaendesha vibaya. Aliniuliza mimi!

Unasema watanifunga na mimi. Wanifunge. Nilitia sahihi kwa kadi moja, na hilo nitalijibu kwa mdomo wangu.

Lakini kuna kitu hujakitaja katika barua zako zote mbili. Jumamosi ile ulipokuwa unanitafuta kwa simu, redio ilikuwa mezani kwako. Sauti ileile uliyoniitia mama wa visanduku. "Msimtoe Shangazi." Maneno mawili, Cornelius, na sisi tulikuwa bado hapa, siku mbili nzima kabla ya kuondoka! Ningetoka karakana nikashika ufunguo mwenyewe. Ila vituo vyote vingesikia, wangekuuliza umejuaje. Kwa hiyo ukakaa chini, ukatafuta karatasi, ukaandika kwa siri, ukampa muuza samaki mwenye spea moja. Spana naweza kuielewa. Ulikuwa na hasira, na mimi nina hasira, nazijua zinavyomfanya mtu. Ile bahasha siwezi kuielewa hata nikikaa miaka.

Jumatatu saa moja asubuhi, vituo vyote vikiitana, nitakuwa karakana na redio wazi. Sema wewe. Vituo vikimaliza kuitana sijasikia sauti yako, nitashika kipaza sauti niwasomee barua yako kwa sauti yangu, na pale penye "choma" nitapasoma mara mbili.

Bilha


Lodwar
28 Januari 2013

Cornelius,

Nilisikia.

Lodwar waliitika, Kainuk wakaitika, ikafika zamu ya Kakuma, nikanyoosha mkono nichukue kipaza sauti. Ndipo ukasema. Ulitaja cheo chako na jina lako. Ukasema ulihamisha visanduku kwa mkono wako, na kwamba ulijua Shangazi ni mgonjwa siku alipotoka langoni, na dereva Levis hana kosa, na fundi hakujua. Hapa hakuna aliyecheka. Njenga alivua kofia, sijui kwa nini.

Kisha Loki wakasema hawakupata vizuri, rudia. Nikadhani utakata. Ukarudia yote, polepole, tangu mwanzo. Hapo nililia, na sitaki ulichukue kama msamaha.

Kadi zile mbili na barua yako nimezipeleka kwa baraza, na nimewatoa nje wakaone magari yaliyo juu ya mawe, moja baada ya jingine, na giaboksi ya Bi Harusi chini ya gari la Meja. Nimewaambia Ekuru alipoteza mguu kwa sababu hiyo, na nimewaambia aliyenifundisha hilo ni wewe. Meja hajaniuliza tena habari ya uhamisho. Huenda akanipa bila kuniuliza.

Nasikia watakuchukua wiki hii kwenda Nairobi. Njia ni hiyo ya Kainuk. Shangazi bado yuko kando ya barabara, wameshaanza kumng'oa milango.

Nilitoka karakana nikaenda hospitali moja kwa moja nikamweleza Levis ulivyosema. Alikuwa anakunywa uji kwa mrija. Alikiweka kikombe chini, akanizungushia kidole: rudia. Nikarudia. Akazungusha tena. Mama yake akasimama pale mlangoni na sufuria akasikiliza pia. Daktari anasema kusema atasema, ila kama ataimba tena hajui. Niliposikia hivyo nilitoka nje nikapiga ukuta teke mpaka kidole kikavimba, maana maneno yangu ya mwisho kwake akiwa na mdomo mzima yalikuwa kumwambia anyamaze.

Naliaka nitamwambia baba yake ana masharubu. Mengine utamwambia wewe.

Usimpe Mabil barua nyingine. Ukiwa na la kuniambia, redio unaijua.

Bilha